Umefunga Nini?

Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu nilikuwa na neno moja la kujifariji. Kila nilipomkumbuka shemeji nililisikia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu aliyelala chali chini ya gari: "Nimefunga." Nikishalisikia, usingizi ulikuja. Nilimshukuru Mungu kwa neno hilo kama kilema anavyoshukuru kwa mkongojo.

Mimi ni fundi wa ekzosi, mabomba ya moshi ya magari. Gereji yangu ina paa la mabati, shimo moja la kushukia chini ya magari, na ukuta mzima uliotundikwa silensa kuukuu kama duka la nyama. Wateja huniita Fundi Moshi. Sijali. Kila mtu ana lake linalomlisha.

Asubuhi ile gari la shemeji liliingia uani likiendeshwa na Kofia, dereva wa dada yangu, na Kofia alikuwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Lilikuwa gari lile lile la mkate, vani nyeupe ya zamani, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Dada yangu alikaa upande wa pili na mtoto mapajani. Sikuwa nimeliona tangu mazishi.

Kofia alizima injini, akaruka chini, akaziweka funguo juu ya meza yangu ya kazi.

"Fundi, mimi nimemaliza. Tafuta dereva asiye na masikio."

"Limekufanya nini?"

"Kuna mtu nyuma ya kiti. Anaimba kwa pua. Mmm, mmm, mmm. Nikikanyaga mafuta anapandisha, nikiachia anashuka. Halafu kichwa kinakuwa kizito kama nimejitwika gunia. Jana kwenye foleni nilimwona kabisa. Amekaa pembeni yangu, amefumba macho, kichwa kimelalia kioo."

"Mtu mwenyewe si unamjua," dada alisema huku akishuka. "Alipokuwa hai ulikula mkate wake bure kila asubuhi. Leo unamkimbia?"

"Mama Bosi, nilikula mkate wa mtu anayepumua."

"Mkate haujali."

Dada alicheka, na Kofia akacheka, ila jicho lake halikutoka kwenye lile gari. Alikuwa dereva wa pili kulirudisha. Wa kwanza alirudisha funguo kwa kuzipenyeza chini ya mlango, hakuaga.

Bosi ni mpwa wangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa amekunja uso kama mtu anayesubiri ripoti. Wakati baba yake anafariki, yeye alikuwa tumboni, mimba ya miezi saba. Sasa alikuwa na mwaka na mwezi, anasimama kwa kushika vitu. Nilimbeba, akanishika masharubu, nikamwambia, "Mjomba, umekuja kunikagua?" Kichwa chake kilinukia unga.

"Kaka, nisikilize," dada alisema. "Hayo ya kuimba niachie mimi. Wewe niambie kwa nini halipandi mlima. Likifika kwenye mwinuko wa soko linakata pumzi kama bibi kizee. Kesho kutwa naanza kuliendesha mwenyewe. Leseni ninayo. Nimechoka kubembeleza madereva."

"Na mtoto?"

"Atakaa pembeni yangu. Nimuache na nani? Ninaoka peke yangu, nauza peke yangu, nalea peke yangu."

Basi kazi ilikuwa hiyo, na siku zake zilikuwa mbili. Kesho kutwa dada yangu na mwanawe wangeingia ndani ya lile gari, wafunge vioo kwa ajili ya baridi ya alfajiri, na kuondoka.

Niseme sasa jinsi shemeji alivyokufa, kwa kuwa bila hilo mengine hayaeleweki. Alikutwa alfajiri, siku ya mvua, ameegesha mbele ya duka moja akisubiri lifunguliwe. Injini ilikuwa ikiunguruma, maana betri yake ilikuwa chovu na akizima haiwaki tena. Vioo vyote vilikuwa juu. Kichwa kilikuwa kimelalia kioo, macho yamefumba. Muuza duka alidhani amelala, akampa dakika kumi zaidi za kupumzika. Hospitali wakasema moyo. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Tukasema kazi ya Mungu haina makosa, tukamzika.

Lakini siku moja kabla, mchana, alikuwa hapa kwangu.

Alilalamika kwamba gari limekuwa zito. Nikashuka naye shimoni, tukafungua katalisti. Hilo ni kopo la chuma lililo katikati ya bomba la moshi, na ndani yake kuna kitu kama sega la nyuki, vitundu vidogo vidogo ambamo moshi hupita ukasafishwa. Nililimulika kwa tochi. Sega lilikuwa limeanza kuyeyuka upande mmoja. Nikamwambia litamsogeza miezi michache, tutafute jingine taratibu. Tukalirudisha. Kiungo cha nyuma nilikifunga mwenyewe. Kiungo cha mbele nikaweka gasketi mpya ya kuzuia moshi, nikapachika nati tatu mpya kwa vidole, naye akiwa ameshikilia bomba. Hapo mteja akaniita kwa kelele kutoka nje. Nikaiacha spana juu ya ukingo wa shimo, nikatoka.

Mwalimu wangu wa ufundi, Mungu amlaze pema, alikuwa na sheria moja kuu aliyotufundisha kwa makofi: mkono uliopachika ndio ufunge. Usipachike ukamwachia mwenzako, usifunge kilichopachikwa na mwingine. Nilizishika sheria zake zote kwa miaka ishirini na sita. Hiyo niliivunja mara moja.

Nilipomalizana na mteja nilipitia kwa mama wa chai nikachukua vikombe viwili. Shemeji alikuwa ametoka shimoni, amekaa kwenye tairi, anafuta mikono. Nikamnyoshea kikombe. Akatikisa kichwa. Nikakumbuka zile nati.

"Umefunga?" nikamuuliza.

"Nimefunga," akasema, akainamisha macho.

Nikamwambia safi, nikanywa chai yangu, nikanywa na yake. Tukalitoa gari juu ya shimo, akaondoka akipiga honi mara mbili kama kawaida yake.

Hilo ndilo lilikuwa neno langu. Siku za kwanza baada ya mazishi, shetani alinijia na maswali. Injini inaunguruma, vioo viko juu, moshi. Wewe ni fundi, huoni? Nikamjibu shetani: alifunga, aliniambia mwenyewe. Gari likakaa nyumbani kwa dada chini ya turubai mpaka alipoanza kuliajiria madereva, na mimi sikuwahi kwenda kulichungulia. Nilikwenda pale karibu kila wiki, nikala, nikamshika mtoto, nikapita pembeni ya lile turubai kama mtu anavyompita mbwa aliyelala.

Sasa lilikuwa juu ya shimo langu.

Nilisali kwanza. Nilisema, Ee Mungu, nionyeshe. Halafu kwa siri, kama Yeye hasikii ya siri, nikaongeza: lakini usinionyeshe.

Nilianza mbali. Nilimwambia Kofia awashe injini, nikaenda nyuma, nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Gari lenye afya husukuma mkono. Hili lilinipumulia kidogo tu, pumzi ya mgonjwa. Kulikuwa na harufu ya yai viza. Nikafunika mdomo wa bomba kwa kitambaa chenye maji. Kwa kawaida injini hukohoa na kutaka kuzima, maana haina pa kutolea. Hii haikukohoa, ikaendelea tu. Maana yake moshi ulikuwa na njia nyingine.

Na hapo nikasikia kuimba.

Mmm. Mmm. Mmm. Sauti tatu, ya kati, ya juu, ya chini. Shemeji aliimba vivyo hivyo kila alipokuwa akipakia mkate, hakujua maneno ya wimbo wowote, alijua kuguna tu. Kofia alikuwa ameshatoka kwenye kiti na kusimama karibu na lango.

"Umesikia?" akasema. "Mimi ni mwongo?"

"Zima."

"Zima wewe, fundi. Mimi nina watoto."

Nilizima. Nikaendelea na kazi, kwa kuwa mikono ikiwa na kazi moyo hutulia. Niligonga katalisti kwa nyundo ya mpira: ikalia chakachaka, kama kibuyu chenye mbegu. Sega lilikuwa limevunjika ndani na vipande vimeziba njia. Injini ilipowashwa tena nilipima joto kwa kipimajoto cha mwanga mwekundu. Mbele ya katalisti palikuwa na moto mkali, nyuma yake pamepoa. Ikiwa nzima, huwa kinyume.

"Nimepata," nilimwambia dada, na nafsi yangu ilifurahi kupita kiasi. "Katalisti imeziba. Ndiyo maana halipandi mlima. Injini inavuta hewa lakini haina pa kuitolea."

"Imekufa yenyewe?"

"Katalisti haifi yenyewe, dada. Huuawa." Nilikuwa nimeshafungua plugi na kuzipanga juu ya gazeti. Moja ilikuwa nyeusi na mbichi kwa petroli. "Hii hapa muuaji. Ilikuwa inaruka, haichomi. Petroli mbichi ikaenda kuungulia kwenye sega, sega likayeyuka."

"Kwa hiyo kosa linaanzia mbele."

"Daima huanzia mbele."

Nilisema hivyo kama fundi, huku nikizirudisha plugi mahali pake. Sikujua ninajisomea hukumu.

Mama wa chai alipita na birika lake. Nikachukua vikombe viwili, nikamnyoshea dada kimoja. Alikuwa amekaa kwenye tairi lile lile, Bosi anavuta kamba ya kiatu chake. Akatikisa kichwa.

"Nimefunga," akasema.

Mimi, kwa mazoea ya kazi, niliangalia mikono yake kutafuta spana.

"Umefunga nini?"

Akacheka mpaka mtoto akamtazama. "Ati nimefunga nini! Nimefunga kula, kaka. Masikio yako yamejaa masizi? Siku mbili hizi nafunga na kuomba, kabla sijashika usukani." Akampangusa mtoto pua. "Nimejifunza kwa baba Bosi. Ile wiki aliyofariki alikuwa amefunga kwa ajili ya mimba hii. Zile mbili za kwanza zilitoka, unajua. Akasema hii ya tatu haitoki bila yeye kwanza kugonga mlango wa Mungu. Alifunga kimya kimya, hakutaka mtu ajue, mimi mwenyewe niligundua kwa sababu chakula kilirudi kama kilivyokwenda."

"Siku aliyokuja hapa?"

"Siku hiyo pia. Hakukwambia?"

Vikombe vilikuwa mikononi mwangu. Niliviweka juu ya pipa taratibu, kimoja halafu kingine, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kisichomwagika hakijatokea.

Aliniambia. Nilimnyoshea chai, nikamuuliza kama amefunga, akasema amefunga, na akainamisha macho kwa haya, kwa kuwa sadaka ya siri imeulizwa mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kumwambia afunge nati. Alikuwa dereva, alishika bomba alipoambiwa ashike, akaliachia nilipotoka, akijua fundi anajua kazi yake. Aliona nimeuliza, nimesema safi, nimelitoa gari. Kwa nini asiniamini?

Nilishuka shimoni.

Kiungo cha mbele kiko chini kabisa ya kiti cha dereva. Nilipandisha tochi. Bolti moja ilikuwa tupu, nati yake ilishaanguka njiani siku nyingi. Nati mbili zilikuwepo. Nilishika ya kwanza kwa vidole viwili ikazunguka. Kutu ilikuwa imeishika juu juu tu, kama ganda la yai. Nikaisugua kwa kitambaa, nikaitazama pembe zake. Nati iliyowahi kushikwa na spana huwa na alama, hung'atwa. Hii ilikuwa na pembe kali kama ilivyotoka kwenye boksi. Ya pili vivyo hivyo. Gasketi ilikuwa nene, haijawahi kubanwa. Kuzunguka kiungo masizi yalikuwa yamejipaka kama ua jeusi, na juu yake, kwenye sakafu ya gari, kutu ilikuwa imekula tundu la kupita kidole gumba. Juu ya tundu kulikuwa na zulia tu.

Nilielewa mwendo mzima. Njia ya nyuma imeziba. Moshi unatafuta pa kutokea, unatokea hapa, unapanda kwenye zulia. Moshi ule mbaya zaidi hauna rangi wala harufu. Hukuletea kichwa kizito, halafu usingizi, halafu basi. Na wakati unapita kwenye ule mwanya mwembamba, unaimba.

Nilikuwa bado nimeinua uso pale wakati gari lilipowaka juu yangu.

Mmm. Mmm. Mmm. Wimbo ulikuwa juu ya paji la uso wangu, nikahisi upepo wake wa moto. Bila kufikiri nikachukua kitambaa cha maji, nikakibana kwenye kiungo kwa mikono miwili. Wimbo ukakatika.

"Kaka!" Ilikuwa sauti ya dada, kutoka juu, ndani ya gari. "Umefanya nini? Amenyamaza!"

Nikaachia kwa mshtuko. Wimbo ukarudi.

"Huyo, amerudi," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kama mtu anayeongea kitandani. "Usimguse. Mwache kidogo. Fanya yako mengine, huyu mwache."

"Uko na mtoto humo?"

"Si ndiyo usingizi wake huu. Mtoto huyu hulala humu kuliko kitandani. Jioni nikimaliza kukanda unga nawasha gari uani, napandisha vioo, nakaa naye. Baba yake anamwimbia. Dakika kumi tu, kimya. Mara nyingine na mimi napitiwa, injini ikichoka gari linajizimikia."

Nilitoka kwenye lile shimo sijui kwa ngazi au bila ngazi. Nilifungua mlango. Bosi alikuwa amelalia kifua cha mama yake, mdomo wazi, mashavu mekundu.

"Toka."

"Kwa nini?"

"Dada, toka na mtoto."

"Sitoki mpaka uniambie. Kila mtu ananiambia toka humo, hakuna anayeniambia kwa nini. Kofia anasema mzimu. Majirani wanasema mkosi. Wewe unasema nini?"

Nilipitisha mkono nikazima. Kofia alikuja akasimama nyuma yangu, safari hii hakuwa na mzaha.

"Kuna moshi unaingia," nilisema. "Chini ya kiti. Wimbo ni moshi, unapita kwenye kiungo. Nati zimelegea."

Ningeweza kuishia hapo. Angeshuka, ningefunga, kesho kutwa angeendesha salama, na mimi ningeendelea kula kwake kila wiki. Namshukuru Mungu na kumlaumu, siku hiyo hiyo, kwa kumpa dada yangu akili.

Alinitazama. "Zimelegea, au hazikufungwa?"

Nikatazama masizi ya vidole vyangu.

"Wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kuligusa. Nakuuliza, fundi. Zimelegea au hazikufungwa?"

"Hazikufungwa."

Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama na mlango mkononi, kwa maneno machache: mteja aliyeniita, spana niliyoiacha ukingoni, vikombe viwili, swali langu, jibu lake. Nilipofika kwenye jibu alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Alielewa kabla sijamaliza. Neno ni la kwake pia, amelitumia tangu utotoni.

Alishuka. Akaenda mpaka kwenye lile tairi, akakaa, akamlaza Bosi begani na kumpigapiga mgongo mpaka alipoamka na kuanza kunung'unika. Kofia alifungua lango lote ili hewa iingie, ingawa tulikuwa uani.

"Ile chai yake," dada alisema hatimaye. "Ulimwaga?"

"Niliinywa."

"Zote mbili."

"Zote mbili."

Akatikisa kichwa polepole, akainuka, akaondoka na mtoto wake kwa miguu.

Gari lilikaa kwangu siku nne. Nilitafuta katalisti nzima kwenye gari lililogongwa nyuma, nikalitazama sega lake kwenye jua, kila tundu likapitisha mwanga. Niliweka plugi mpya zote nne. Niling'oa zulia, nikakata kutu, nikachomelea bati. Nilikula usiku tu, siku zote nne. Chai ya mama wa chai ilipita, nikaikataa kwa mkono. Kiungo cha nyuma nilikifunga. Cha mbele nilipachika nati tatu mpya kwa vidole, nikaacha, nikamtuma Kofia kwa dada.

Alikuja jioni, unga bado mikononi. Hakunisalimia. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, pale pale nilipoiacha spana.

"Mwalimu wangu alikuwa na sheria," nilianza.

"Shuka."

Nilishuka. Nikashika spana. Juu yangu niliona viatu vyake tu, na kisigino kidogo cha Bosi kikining'inia. Nilivuta nati ya kwanza mpaka ikalia.

"Nimefunga," nikasema, kwa mazoea.

"Umefunga nini?"

"Nati ya kwanza. Ya kulia."

"Endelea."

"Nati ya pili. Ya kushoto."

"Endelea."

Nati ya tatu iko juu, mahali pabaya, lazima upinde kiwiko. Spana iliteleza mara mbili, damu ikatoka kwenye vifundo. Nilisali kwa sauti, sikumbuki maneno. Ilipobana niliizungushia kidole, ikakataa.

"Umefunga nini?" akauliza.

"Nati ya tatu. Ya juu. Zimekwisha."

Alipanda kwenye kiti, akawasha, akapandisha vioo, akasikiliza. Injini iliunguruma kama injini. Hakuna kingine. Nilikaa chini ya kile kiungo na povu la sabuni, nikakipaka chote, sikuona hata kiputo kimoja kikipumua. Juu yangu dada alikaa vile vile kwa dakika nyingi, mikono kwenye usukani, akingoja. Namjua, tangu mdogo hulia bila sauti. Bosi ndiye aliyelia kwa sauti. Alikuwa macho kabisa, anapiga kioo kwa viganja, anataka kutoka.

Tangu hapo haniiti kaka. Ananiita fundi. Kila alfajiri, kabla hajaingia mjini, gari lile husimama nje ya lango langu na dirisha lake hushuka. Mkate unanukia mpaka shimoni. Bosi hulia njia nzima, dada anasema, hataki kabisa kusinzia ndani ya gari, anamchosha. Mimi kilio hicho hunitosha kwa siku nzima.

"Fundi," dada husema, injini ikiwa inaunguruma, hata kama sijaligusa gari kwa wiki tatu. "Umefunga nini?"

Nami humwambia. Ya kulia, ya kushoto, ya juu. Hupandisha kioo nusu, akaenda zake.

Shemeji bado huja usiku, kabla ya usingizi. Hasemi zaidi ya alichosema. Ila sasa simsikii akiwa chini ya gari, maana hakusema akiwa pale. Namwona juu ya tairi, mikono yenye masizi, ameinamisha macho kwa haya, na mimi nimesimama mbele yake na vikombe viwili. "Nimefunga," ananiambia. Naviweka chini vyote viwili, nachukua spana, nashuka.